Msichana wa Norwood na Nafasi ya Chuo

Mwishoni mwa Agosti 1912, katika kituo cha reli cha West Croydon, kusini mwa London, bwana mmoja mweusi mwenye nywele nyingi alianguka akisubiri treni. Alijikongoja mpaka nyumbani kwake, akapanda kitandani, na tarehe 1 Septemba nimonia ikamchukua. Alikuwa na miaka 37. Aliacha mjane, Jessie, mvulana aliyeitwa Hiawatha, na binti wa miaka tisa, Gwendolen Avril.

Marehemu aliitwa Samuel Coleridge-Taylor. Siku hizo hapakuwa na kwaya ya maana Uingereza isiyolijua jina hilo. Utungo wake mashuhuri, Hiawatha's Wedding Feast, uliimbwa katika kumbi za miji mikubwa na katika makanisa ya miji midogo. Huko Washington Wamarekani weusi walianzisha kwaya nzima na kuipa jina lake. Alikwenda Marekani mara tatu, na katika safari ya kwanza, mwaka 1904, Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu. Mtu wa sifa hizo, ungedhani familia yake ingebaki salama. Haikubaki hivyo, na ndiyo maana mwaka 1915 lilitokea jambo ambalo magazeti ya wakati ule, yaliyojaa habari za vita, hayakuwa na sababu ya kulipigia tarumbeta: yule binti, akiwa na miaka kumi na miwili tu, alishinda nafasi ya kusomeshwa utunzi na piano katika Trinity College of Music, London.

Nafasi hiyo ilimfikisha mbali, lakini si kila mahali. Kuna milango ambayo chuo kinaweza kuifungua na kuna milango ambayo hakina ufunguo wake. Maisha ya Avril Coleridge-Taylor yanatuonyesha aina zote mbili kwa uwazi ambao sijauona katika maisha ya watu wengi. Lakini kabla ya kumfuata binti, inabidi kuanza na baba, kwa sababu baba naye alisomeshwa, na jinsi alivyosomeshwa ndiko kulikopanda mbegu ya yote yaliyofuata.

Samuel alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa kijana wa Sierra Leone aliyekuja kusomea udaktari. Alihitimu, akarudi Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa, na kwa kadiri inavyofahamika hakujua kwamba ameacha mimba. Mama, Alice, alikuwa msichana wa Kiingereza asiye na ndoa wala mali. Mtoto alimpa jina la mshairi Samuel Taylor Coleridge kwa kuyageuza maneno, kisha akahamia Croydon kwa baba yake, mzee Benjamin Holmans, fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma. Mzee huyo alikuwa na fidla. Jioni, baada ya kazi, alimfundisha mjukuu kuipiga, na alipoona uwezo wake mwenyewe umefika kikomo akalipa mwalimu mwingine amwendeleze.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Ada ya kwanza ya mtunzi huyu ilitoka mfukoni mwa fundi wa farasi. Nyumba yao ilikuwa jirani na njia ya reli, na mume ambaye Alice aliolewa naye baadaye alikuwa mfanyakazi wa reli. Hapakuwa na akiba ya urithi pale. Palikuwa na mzee aliyeona kitu kwa mtoto, akaamua kwamba kitu hicho hakitapotea.

Wa pili kuona alikuwa Kanali Herbert Walters, aliyesimamia kwaya ya kanisa la Mtakatifu George la Wapresbiteri mjini Croydon. Samuel aliimba katika kwaya hiyo. Shuleni kwake, katika barabara ya Tamworth, wenzake walimwita kwa jina la makaa ya mawe kwa sababu ya rangi yake. Kanisani alikuwa mwimbaji, tena mwimbaji mzuri. Mwaka 1890, kijana alipofikisha miaka kumi na mitano, Kanali Walters alimpeleka kwa George Grove, mkurugenzi wa Royal College of Music.

Chuo hicho kilikuwa kipya. Kilifunguliwa mwaka 1883, baada ya Grove na wenzake kuzunguka nchi nzima wakiomba michango, na tangu siku ya kwanza kilikuwa na wanafunzi 50 waliosomeshwa bila malipo kwa kushindania nafasi, wakikaa darasa moja na waliolipa. Lilikuwa wazo kubwa kwa nchi ambayo mpaka wakati huo muziki wa juu ulikuwa wa watoto wa wenye nacho, au wa wageni kutoka Ujerumani na Italia. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba Grove alisitasita alipoletewa kijana mweusi, akihofia wanafunzi wengine wangesema nini. Mwishowe alimpokea. Kanali akasimama naye katika mambo ya ada. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1893, Samuel alishinda kwa haki yake mwenyewe nafasi ya kusomeshwa utunzi chini ya Charles Villiers Stanford, mwalimu mkali ambaye mikononi mwake walipita watunzi wengi wakubwa wa Uingereza.

Matunda yalikuja upesi. Mwaka 1898 Edward Elgar aliombwa utungo kwa ajili ya tamasha la Gloucester, akakosa nafasi, akamtaja kijana wa Croydon badala yake. Novemba mwaka huohuo Hiawatha's Wedding Feast iliimbwa kwa mara ya kwanza chuoni palepale. Haki za utungo huo Samuel aliziuza moja kwa moja kwa mchapishaji, kwa paundi 15 na shilingi 15.

Aliuza kwa sababu alihitaji pesa mkononi, kama watunzi wengi wa siku zake walivyofanya. Nakala zikauzwa kwa wingi usio kifani, kwaya baada ya kwaya, mwaka baada ya mwaka, naye akaendelea kupanda treni kwenda kufundisha. Alifundisha Croydon, alifundisha Crystal Palace, alifundisha Guildhall, na tangu mwaka 1903 alifundisha Trinity College of Music, chuo ambacho binti yake angekuja kukiingia. Wikendi alikuwa akiongoza kwaya na kuamua mashindano. Wengi waliomjua waliamini kazi hiyo isiyo na kupumua ndiyo iliyomdhoofisha hata nimonia ikamwona mwepesi. Baada ya kifo chake waungwana wa muziki waliona haya. Novemba 1912 walifanya onyesho la kumbukumbu katika Royal Albert Hall, likapata zaidi ya paundi 1,400 kwa ajili ya familia. Mfalme akamwekea Jessie pensheni ya paundi 100 kwa mwaka. Mwaka 1914 watunzi na wachapishaji wa Uingereza waliunda chama cha kukusanya malipo kila kazi zao zinapopigwa hadharani, na habari ya Coleridge-Taylor ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa kuonyesha kwa nini chama hicho kilihitajika. Kwa mjane wake, chama kilichelewa.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Avril. Alizaliwa South Norwood tarehe 8 Machi 1903. Mama yake, Jessie Walmisley, alisoma chuo kimoja na Samuel, na wazazi wake walipinga ndoa hiyo kwa sababu ya rangi ya mchumba, mpaka walipoona wawili hao hawatarudi nyuma. Uzeeni Avril aliandika kitabu juu ya baba yake, kikachapishwa mwaka 1979, na humo anakumbuka walivyokuwa wakitembea barabarani Croydon, mtoto ameshikwa mkono. Vijana wa mtaani walipokuwa wakija upande wao na baba akijua matusi yanakuja, aliubana mkono wake kwa nguvu, karibu kumuumiza. Huyo ndiye mtu aliyepokelewa na rais wa Marekani. Mtoto alijifunza mapema kwamba sifa za ukumbini hazivuki mlango kwenda nje.

Akiwa na miaka kumi na miwili alitunga wimbo wake wa kwanza, Goodbye Butterfly. Mwaka huohuo Trinity ikampa nafasi. Chuo kilikuwa katikati ya London, huko Mandeville Place, na kutoka Croydon ni safari ya treni. Baadaye alifundishwa utunzi na upangaji wa ala na Gordon Jacob na Alec Rowley, walimu wenye majina. Kwa hiyo msingi wake haukuwa wa kubahatisha. Mtu anayemwita mtoto wa mtunzi aliyebebwa na jina la baba anapaswa kukumbuka kwamba alianza akiwa mdogo, kwa kushindania nafasi, na alikaa na walimu wa kweli mpaka akaijua kazi.

Hapa nataka kutoka kidogo katika habari za Avril na kuwataja jirani zake, Wagiriki.

Si mbali na alikozaliwa, huko West Norwood, kuna makaburi makubwa ambamo mwaka 1842 Wagiriki wa London walijipatia sehemu yao. Walikuwa wafanyabiashara wa nafaka na nguo, watu wa koo kama Ralli na Ionides, wenye meli na maghala kutoka Odessa hadi Liverpool. Walijenga makaburi ya marumaru mfano wa mahekalu madogo, na mwaka 1879 wakafungua kanisa lao la Mtakatifu Sofia huko Bayswater. Binti zao wenye vipaji hawakuhitaji kufadhiliwa na mtu. Marie Spartali, aliyezaliwa mwaka 1844, alipotaka kuwa mchoraji, baba yake tajiri alimpa mwalimu, Ford Madox Brown, naye akawa mchoraji wa kutajwa. Karne ya ishirini ikaleta Wagiriki wa namna nyingine, wengi wao kutoka Cyprus, kisiwa kilichokuwa chini ya Uingereza mpaka 1960: washonaji, wapishi, wenye vibanda vya chipsi. Hawa hawakuwa na maghala. Lakini nao walifuata njia ileile ya kujenga pamoja. Mwaka 2000, huko Thornton Heath ndani ya Croydon, ilifunguliwa St Cyprian's, shule ya kwanza ya msingi ya Kiorthodoksi ya Kigiriki nchini Uingereza kugharamiwa na serikali. Ni mwendo mfupi tu kutoka South Norwood.

Sisi tuliokulia pwani hatuna haja ya kuelezwa sana jumuiya ya namna hiyo inafanyaje kazi. Mtu wa Dar es Salaam anapopita Mnazi Mmoja anauona ukumbi anaouita Anatoglo, na jina hilo ni la Mgiriki, George Arnautoglu, mwenye mashamba ya mkonge, aliyetoa fedha jengo lijengwe kwa matumizi ya wananchi. Jumuiya yenye kanisa au msikiti, yenye shule na makaburi, yenye wazee wanaojuana kwa majina, inaweza kukaa kikao na kusema: binti wa fulani amefaulu, tumsomeshe. Fedha zinatoka kwa watu wanaomjua na wanaomsubiri arudi. Akihitimu anakuta mteja wa kwanza, mwajiri wa kwanza, na ukumbi wa kwanza wa kuonyeshea kazi yake, miongoni mwa haohao.

Avril hakuwa na hilo. Waafrika wa London mwaka 1915 walikuwa wachache na wametawanyika: wanafunzi wa sheria na udaktari ambao wangerudi makwao, mabaharia wa bandarini, wanamuziki wa kupita. Baba yake alijaribu kuwatafuta. Julai 1900 alikuwa mmoja wa wajumbe vijana kabisa wa Mkutano wa Umoja wa Waafrika ulioitishwa London na Henry Sylvester Williams wa Trinidad, ambako W. E. B. Du Bois naye alihudhuria. Aliandika muziki juu ya nyimbo za Waafrika na za watumwa wa Marekani ili ulimwengu uzisikie kwa heshima. Lakini alipokufa hakuacha jumuiya nyuma yake Croydon. Aliacha marafiki, na marafiki wa Kiingereza walifanya kilicho katika uwezo wao, yaani onyesho moja la kukusanya fedha na pensheni moja. Nafasi ya Trinity ilitolewa kwa kipaji cha binti. Hapakuwa na mfuko wowote wa kumsomesha kwa kuwa mjukuu wa Mwafrika, wala watu wa kumngojea alipotoka.

Na kutoka ndiko kulikokuwa kugumu. Okestra za Uingereza zilikuwa za wanaume. Henry Wood alishangaza watu mwaka 1913 alipoajiri wanawake wachache wa kupiga fidla na ala za jamii yake katika okestra ya Queen's Hall, miaka miwili tu kabla ya Avril kuingia Trinity. Mwanamke wa kuongoza okestra alikuwa kioja zaidi. Hata mwanamke kuongoza usiku wa mwisho wa matamasha ya Proms, yale ambayo Wood mwenyewe aliyaanzisha kama mwongozaji mwaka 1895, ilibidi ingojewe mpaka 2013, Marin Alsop alipopanda jukwaani.

Avril aliolewa mwaka 1924 katika kanisa la parokia la Croydon, ndoa ambayo haikudumu. Mwanzoni aliandika kwa jina la Gwen. Baadaye akaliacha na kubaki na Avril, kama mtu anayejipa mwanzo mpya. Wakati mwingine alitumia jina la kalamu la kiume, Peter Riley, na yeyote aliyewahi kutuma kazi yake kwa mhariri asiyemjua anaweza kuelewa sababu. Mwaka 1933 alisimama Royal Albert Hall kuongoza kwa mara ya kwanza, jumba lilelile ambamo watu walikusanyika kuichangia familia yake alipokuwa mtoto wa miaka tisa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza bendi ya Royal Marines. Aliongoza okestra ya BBC na ya London, na katika miaka ya 1940 aliunda okestra yake mwenyewe, akaipa jina la ukoo: Coleridge-Taylor Symphony Orchestra.

Kuunda okestra ni kazi ya fedha, na ndiyo sababu kitendo hicho kinanigusa kuliko orodha ya majukwaa aliyopanda. Mwanamuziki ambaye haitwi vya kutosha anajenga mahali ambapo yeye ndiye anayeita. Alikuwa anajitengenezea kile ambacho jumuiya ingempa. Wakati huo huo alikuwa anatunga, na hapa ndipo ningependa msomaji amtazame zaidi. Alihamia mashambani Sussex, na milima ile ya nyasi na upepo wa bahari vikaingia katika muziki wake: Wyndore ya mwaka 1936, na A Sussex Landscape ya mwaka 1940, kazi ya giza na mawimbi iliyoandikwa nchi ikiwa vitani. Alitunga konseto ya piano. Hakuandika kwa kumwiga baba. Baba alikuwa mtu wa nyimbo zinazoingia moyoni papo hapo. Binti alipenda rangi za ala, na kungoja. Isikilize A Sussex Landscape baada ya Hiawatha, utaona watu wawili.

Kisha ikaja 1952.

Tarehe 2 Mei mwaka huo shirika la ndege la Uingereza, BOAC, lilianza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Ndege iliitwa Comet. Iliondoka London, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg siku iliyofuata. Avril alikwenda Afrika Kusini kwa safari hiyo, akaliandikia tukio hilo utungo, Comet Prelude. Kwa hiyo mjukuu wa daktari wa Sierra Leone alikanyaga bara la babu yake kwa mara ya kwanza kwa kupita kwetu, na uwanja wa Entebbe ulikuwa miongoni mwa vituo alivyoviona kabla ya kufika alikoalikwa.

Alikuwa amealikwa kufanya kazi ya muziki. Serikali ya chama cha National ilikuwa madarakani tangu 1948, na sheria ya mwaka 1950 ilimtaka kila mtu aandikishwe kwa rangi yake. Avril alikuwa mweupe wa kutosha kuonekana Mzungu. Inabidi kusema na lililo chungu: mwanzoni hakuupinga utengano ule. Aliukubali, au aliupita bila kuuhoji, kama wageni wengi walivyofanya, na katika nchi hiyo aliongoza okestra na kupokewa vizuri. Halafu wakubwa wakajua baba yake alikuwa nani na babu yake alitoka wapi. Kazi ikakatwa. Hakuruhusiwa tena kutunga wala kuongoza huko.

Sijui njia ya kuisimulia sehemu hii bila huzuni, na sitaki kumhukumu kwa wepesi. Mtoto aliyebanwa mkono barabarani Croydon alikuwa na sababu zote za kuuelewa ubaguzi, na bado alijaribu kuishi upande wake wenye kivuli. Pengine alichoka. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, bila mume, bila mshahara wa uhakika, aliyezoea kuomba kazi mwenyewe, anaitwa na nchi inayompa jukwaa. Lakini mfumo ule haukumuuliza alisoma wapi. Haukumuuliza kuhusu Trinity, wala Gordon Jacob, wala Albert Hall. Uliuliza swali moja tu, juu ya babu ambaye hakuwahi kumwona.

Mwaka huohuo wa 1952, msichana mwingine alikuwa Oxford akisoma historia: Sarah Nyendwoha, kutoka Bunyoro, Uganda. Alihitimu mwaka 1954, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, kilikuwa kimewafungulia wanawake mlango mwaka 1945, tena sita tu. Sarah aliporudi nyumbani kufundisha alikuta mwanamke analipwa chini ya mwanaume mwenye elimu ileile. Aliukataa mshahara huo. Alikubali kufundisha bila malipo kuliko kuupokea, mpaka suala likafika kwa wakubwa na kurekebishwa. Baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wa Kichaga aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika jijini London.

Simweki Sarah mbele ya Avril ili kumwaibisha Avril. Wote wawili walifadhiliwa, wote wawili walihitimu, na wote wawili waligundua kwamba chuo kilimaliza kazi yake siku ya mahafali. Tofauti ni kwamba Sarah alipokataa mshahara, nchi nzima ilijua ni binti wa nani na kwa nini hawezi kunyamazishwa. Nyuma yake palikuwa na watu. Avril alirudi London, akapanda treni, akaanza tena.

Na alianza tena kweli. Mwaka 1956 alipanga na kuongoza nyimbo za kiroho za Waamerika weusi katika mchezo wa redio wa BBC, Green Pastures, kazi iliyomrudisha kwenye nyimbo ambazo baba yake alizipenda. Machi 1957 Ghana ilipopata uhuru, aliandika Ceremonial March kuusherehekea. Alikuwa amekaribia miaka 54. Mara hii Afrika aliyoiandikia ilikuwa nchi yenye bendera yake, iliyoko ukanda uleule wa magharibi alikotoka babu, na hakuna ofisa wa kumwuliza rangi. Wasomaji wa leo wanaotaka kujua iwapo Afrika Kusini ilimbadilisha watapata jibu katika utungo huo kuliko katika maelezo yoyote.

Mwaka uleule wa Green Pastures, 1956, msichana mwingine wa pande za Croydon alipata ufadhili unaofanana kidogo na wa Avril. Jacqueline du Pré, aliyekuwa mwanafunzi wa Croydon High School, shule ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 1874, alishinda zawadi ya Suggia akiwa na miaka kumi na mmoja. Guilhermina Suggia alikuwa mpiga selo wa Ureno. Alipofariki mwaka 1950 aliacha wosia selo yake ya thamani iuzwe na fedha zisomeshe vijana. Zawadi hiyo ilimlipia du Pré masomo mwaka baada ya mwaka mpaka 1961, na ulimwengu unajua alivyokuwa. Mwanamke aliyeijua njia ilivyo na miiba aliacha fedha kwa ajili ya atakayefuata. Miaka arobaini kabla, katika mji huohuo, Avril hakuwa na mtangulizi wa namna hiyo.

Alifariki Seaford, Sussex, tarehe 21 Desemba 1998, akiwa na miaka 95. Maandishi yake mengi hayakuwa yamechapwa. Miaka mingi jina lake lilitajwa tu pale mtu alipoandika juu ya baba, na baba mwenyewe alikuwa amesahauliwa nusu. Nyumba moja ya Dagnall Park, South Norwood, aliyoishi Samuel ujanani, iliwekewa kibao cha kumbukumbu mwaka 1975, miaka mia baada ya kuzaliwa kwake.

Kilichombadilishia hali kilikuwa ni kile alichokikosa. Mwaka 2015 Chi-chi Nwanoku, mpiga besi mwenye baba wa Nigeria na mama wa Ireland, aliunda London okestra ya Chineke!, ambayo wanamuziki wake wengi ni weusi na wa jamii nyingine zilizoachwa nje. Okestra hiyo iliitafuta A Sussex Landscape, ikaipiga, ikairekodi. Ina pia okestra ya vijana, inayopokea wapigaji kuanzia miaka 11, mwaka mmoja chini ya umri ambao Avril aliingia Trinity, na wanaokaa viti vya mbele huwaangalia watu wazima wa sura zao wakifanya kazi hiyo kwa mshahara.